Shangazi wa Ghorofa Zote

Jumatatu hiyo, saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, Shangazi alikuwa ghorofa ya tatu ya Ofisi ya Vibali, anakamua tambara la deki. Alilikamua mara mbili, kama kawaida yake, mara ya kwanza kwa mikono na mara ya pili kwa hasira, kwa kuwa maji yanayobaki ndiyo huacha alama sakafuni. Jengo lilikuwa na ghorofa sita na lifti moja, na ndani ya lifti vilihifadhiwa viti vilivyovunjika miguu.

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote mle ndani. Mtu mmoja alimwita hivyo wiki yake ya kwanza, jina likamganda kama ulimbo. Siku hizo wafagizi walikuwa wanne. Mmoja alistaafu, mmoja akamfuata mume, na wa tatu aliinamia ndoo asubuhi moja na mgongo wake ukakataa kunyooka, akapelekwa nyumbani amekunjika vilevile. Nafasi zao hazikujazwa. Mkurugenzi alisema zitajazwa hivi karibuni, na hiyo hivi karibuni ilikuwa imetimiza miaka sita. Shangazi mwenyewe, mwaka wa kumi na moja sasa, alikuwa kibarua. Kila Ijumaa alitia saini karatasi inayosema kazi yake imekwisha, na kila Jumatatu alitia saini nyingine inayosema imeanza.

Saa mbili kamili Mkurugenzi aliita kutoka ghorofa ya tano, "Shangazi, chai." Wakati huohuo, ghorofa ya pili, mtu aliangusha chupa ya wino, akaita, "Shangazi, njoo na tambara." Na chini kabisa ukumbini mlango wa choo ulikuwa umejifunga na mteja yumo ndani, mlinzi akapaza sauti, "Shangazi, ufunguo."

"Nakuja," alisema Shangazi mara tatu, akaenda.

Hakugundua kitu mpaka alipokutana na yeye mwenyewe kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Mmoja alikuwa na ndoo, mwingine na sinia la chai. Ngazi zilikuwa nyembamba.

"Pita," alisema wa ndoo.

"Pita wewe, mimi nina cha moto."

"Mwenye cha moto ndiye apite."

Wakapishana ubavu kwa ubavu. Yule wa chai aliona kwamba kitambaa cha kichwani cha mwenzake kimelegea kwa nyuma, akakikaza kwa mkono mmoja. Miaka yote hiyo Shangazi alikuwa akishuku kwamba kitambaa kinalegea kwa nyuma, na hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Ukumbini, Shangazi wa tatu alikwisha kumfungulia mteja, ambaye alitoka akasema asante na kurudi mahali pake kwenye foleni. Mlinzi, mzee aliyeitwa Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona kichwa wazi, alifungua daftari la geti akaandika: *Shangazi kaingia mmoja, wako watatu.* Alifikiri kidogo akaongeza: *Wote wazima.*

Jioni watatu hao walikutana stoo kuvua viatu vya kazi. Benchi la stoo lilikuwa la mtu mmoja, kwa hiyo walipokaa walikuwa watatu na alipoinuka alikuwa mmoja. Miguu tu ndiyo iliyouma kama ya watatu. Alitembea hadi nyumbani akicheka mwenyewe barabarani, kichwa chepesi kama cha mtoto aliyezungushwa kwa mikono akaachiwa. Mara mbili alilazimika kushika ukuta.

Nyumbani aliishi na mama yake mzazi, ambaye macho yalikuwa yamefifia lakini vidole bado viliweza kushona vifungo vya mashati ya watu kwa kupapasa.

"Mama, leo nilikuwa watatu."

"Wote mmekula?"

"Hatukupata nafasi."

"Kaa ule, basi. Ule sana."

Alipokuwa anakula, mama yake alikaa na sindano mdomoni, akiwaza. Alikuwa na dada, yule ambaye Shangazi alimwita Mama Mkubwa, anayeishi mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Miaka kumi na tisa hawajaonana. Kila Jumapili waliongea kwa simu kwa kupiga kelele, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ndiye kiziwi. Mama hangeweza kusafiri peke yake, na Shangazi hangeweza kumpeleka, maana kibarua hana likizo, na kibarua akikosa siku moja huhesabiwa kwamba amejifukuza mwenyewe. Kila mwaka Shangazi aliomba ajira ya kudumu, na kila mwaka alijibiwa kwa heshima kwamba ombi lake limeonekana.

Mama alitoa sindano mdomoni. "Hao wawili wengine," alisema, "Alhamisi wana kazi gani?"

*

Jumatano ndiyo siku foleni ilipoinuka.

Foleni ya Ofisi ya Vibali haikuwa foleni ya mchezo. Ilianzia dirisha namba moja, ikauzunguka ukumbi, ikapita chini ya ngazi na kutokea nje hadi ukutani. Kulikuwa na watu waliokuja kuomba kibali cha kuweka bango, cha kufuga, cha kujenga choo, cha kuhamisha kaburi. Wengine walikuwa wamesimama tangu wakiwa wachumba na sasa walipokezana zamu na watoto wao. Mwanamke mmoja mjane, fundi viatu, alikuwa akifuata kibali cha kibanda chake mwaka wa pili huo, na kila akifika dirishani aliambiwa kimesainiwa ila hakionekani.

Shangazi alifika na ndoo yake, mmoja tu wakati huo, wengine wakiwa ghorofani.

"Samahanini jamani," alisema. "Inueni miguu kidogo nipanguse."

Wakainua miguu. Wa mbele aliinua mguu wa kulia, kisha, kwa adabu, akainua na wa kushoto, akabaki hewani. Wa nyuma yake akafanya vilevile. Foleni nzima ikapanda taratibu, kiasi cha mkono kutoka sakafuni, watu na bahasha zao, na mwanamke mmoja mjamzito aliyekuwa ameegemea nguzo akavuta pumzi na kusema hiyo ndiyo mara ya kwanza mwezi huo miguu yake kupumzika. Mzee aliyekuja kwa ajili ya kaburi alianza kucheka. Ni kicheko kilichotoka tumboni, na kila alipocheka alipanda inchi moja zaidi, ikabidi mjane wa viatu amshike ncha ya koti. Hapo naye akaanza kucheka. Kicheko kikapita kwenye foleni kama ndoo ya maji inavyopokezanwa kwenye moto, kikatoka mlangoni, kikafika ukutani. Watu walijaribu kupiga hatua hewani, wakagundua kwamba ukipiga teke kidogo unazunguka. Bwana mmoja mnene, mwenye tai, alizunguka mara nne bila kuidondosha fomu yake.

Shangazi alipiga deki ukumbi wote bila kuambiwa "ngoja kwanza" hata mara moja. Ilikuwa deki bora ya maisha yake. Alipofika mwisho alitazama nyuma, sakafu inang'aa kama sahani, na juu yake watu mia mbili wanaelea wakicheka. Mwili ukamsisimka kuanzia kisigino mpaka utosini.

"Mnaweza kushuka ikikauka," alisema.

Hawakutaka kushuka. Mkurugenzi alitoka ofisini kwake akasimama kwenye ngazi, mikono nyuma, akatazama kwa muda. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye kawaida ya kunusa kalamu yake kabla ya kuandika.

"Wanaweza kupanda zaidi ya hapo?" aliuliza.

"Sijui, bwana mkubwa."

"Kwa sababu wakipanda kimo cha mtu mmoja, tunaweza kuweka foleni nyingine chini yao."

Mpaka mchana zilikuwa foleni mbili, moja juu ya nyingine, na dirisha lilikuwa lilelile moja.

*

Karani wa fomu ndiye aliyemfuata Shangazi stoo alasiri hiyo. Alikuwa mwanamume mwembamba, viwiko vya koti lake vimetiwa viraka, na alizipenda fomu jinsi watu wengine wanavyopenda njiwa. Alikuwa na fomu moja mkononi, ya karatasi iliyogeuka rangi.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Mkononi una nini?"

"Fomu namba arobaini. Maombi ya Kutambuliwa kuwa Mungu. Mara ya mwisho ilijazwa na bwana mmoja aliyekuwa akiwasha moto kwa kutazama. Alikataliwa, hakuja na picha mbili za pasipoti."

Shangazi aliweka ufagio chini. "Mwanangu, mimi nasali. Nina Mungu wangu na sitaki ugomvi naye."

"Yule ni wa herufi kubwa, Shangazi. Yule hana fomu. Hii ni ya herufi ndogo."

"Na herufi ndogo ina faida gani?"

Karani alitazama mlangoni kwanza. "Ukitambuliwa unafunguliwa faili," alisema. "Na mtu mwenye faili katika jengo hili hawezi kuitwa kibarua. Sijawahi kuona. Watampa barua, wamwekee na likizo." Aliamini kila neno alilosema, na masikio yake yalikuwa mekundu kwa furaha ya kulisema.

Shangazi alifikiri kuhusu neno likizo. Alilitamka kimyakimya. Kisha akaomba kalamu.

*

Alhamisi alfajiri Shangazi mmoja alimshika mama yake mkono wakapanda basi, na wengine wanne wakaenda kazini. Mama alikaa dirishani ingawa hakuona zaidi ya mwanga na kivuli, akawa anauliza, "Hapo je?" na Shangazi akawa anamweleza: hapo ni kiwanda cha matofali, hapo kuna watoto wanaogelea, hapo kuna mtu amelala juu ya mzigo wa majani. Ghorofa ya nne, Shangazi aliyekuwa anafuta meza alijikuta anasema kwa sauti, "Watoto wanaogelea," na makarani wawili wakatikisa kichwa wakaendelea kuandika.

Jioni basi lilifika. Mama Mkubwa alikuwa amekaa kitandani, miguu imevimba, nywele zake nyeupe zimesukwa kwa ajili ya wageni. Mama alipapasa ukuta, akapapasa kitanda, akapapasa uso wa dada yake kutoka paji mpaka kidevu.

"Umezeeka," alisema.

"Na wewe umekuwa mfupi," alijibu Mama Mkubwa. "Na usipige kelele, mimi si kiziwi."

"Kiziwi ni nani, basi?"

Waliendelea hivyo mpaka chakula kikapoa.

*

Kamati ilikutana Ijumaa saa tatu asubuhi, ghorofa ya sita, chumba cha mikutano. Walikuwa watatu: Mkurugenzi kwenye kiti cha katikati, karani wa fomu wa kuandika, na mtaalamu wa miungu aliyealikwa kwa heshima, mama wa makamo aliyesomea miungu miaka kumi na minane, mwenye miwani mizito, mkoba wa vitabu na mafua makali. Shangazi alikaa mbele yao kwenye ncha ya kiti. Hakuwahi kukaa katika chumba hicho, ingawa alivijua viti vyake vyote kwa chini.

Karani alisoma swali la kwanza. "Mwombaji yuko kila mahali?"

Wakamtuma Kofia kuzunguka jengo. Alirudi anahema, akaripoti kwamba Shangazi yuko ghorofa ya pili anapanga faili, yuko ya nne anasafisha dirisha, yuko ukumbini na ndoo, na wa ukumbini amemwambia awasalimie hawa wa huku juu.

"Na mmoja yuko kwa mama yangu mkubwa," alisema Shangazi, ambaye hakupenda kuficha mambo.

"Umeomba ruhusa?" aliuliza Mkurugenzi.

"Niko kazini, bwana mkubwa. Unaniona."

Karani aliandika *Ndiyo* kwa mwandiko mzuri sana. "Mwombaji anajua yote?"

Mtaalamu alipenga makamasi. "Tumjaribu kwa kitu kidogo. Vitu vikubwa kila mtu hudai anavijua."

"Ufunguo wa kabati la ghorofa ya nne uko wapi?" aliuliza Mkurugenzi. "Nimeutafuta tangu mwaka juzi."

"Uko kwenye koti lako, mfuko wa ndani kushoto. Uko pamoja na kibali cha yule mjane wa viatu."

Mkurugenzi alitia mkono mfukoni. Akauweka ufunguo mezani, kisha akakiweka kibali, kimekunjwa mara nne, akakitazama kama mtu anavyotazama jino lake mwenyewe lililong'oka. "Kitashughulikiwa," alisema, akakirudisha mfukoni.

"Mwombaji huugua?"

"Naugua Jumapili," alisema Shangazi.

"Kwa nini Jumapili?" aliuliza mtaalamu.

"Siku nyingine hazina nafasi."

Mtaalamu aliinua miwani na kumtazama vizuri. "Huchoka?"

"Nachoka. Lakini hakuna anayeuliza, kwa hiyo sijui kama inahesabiwa."

"Haihesabiwi," alisema Mkurugenzi.

Swali la mwisho lilihusu kuabudiwa, na hapo karani alikwama, kwa sababu fomu ilitaka hekalu au angalau kinyago. Mtaalamu akamwambia asihangaike. Alisema miungu wengi aliowasoma walikuwa na nguvu na hawakuwa na adabu, na kwamba kupigiwa magoti ni mapambo tu. Akamgeukia Kofia, ambaye alikuwa bado mlangoni anavuta pumzi.

"Mzee, huyu huitwa mara ngapi kwa siku?"

Kofia alikuwa na daftari lake. "Jana mara mia na sitini na mbili. Hiyo ni kabla ya chai ya saa kumi."

"Huitwa wakati gani, Shangazi?"

"Watu wakiwa na shida."

"Na wewe hufanya nini?"

"Naenda."

"Na shida ikiisha?"

"Ikiisha hawaniiti."

"Wanalijua jina lako? Lile la kuzaliwa?"

Kamati ilitazamana. Mkurugenzi alinusa kalamu.

Mtaalamu akafunga kitabu chake. "Basi huyu ni mungu," alisema. "Wale wa zamani wenyewe wengi hawakufika hapa."

Karani aligonga muhuri. Aligonga kwa nguvu, kwa mapenzi, na wino ukamrukia kwenye mkono wa koti.

Shangazi alisimama, akashika mikono mbele. "Nashukuru, waheshimiwa. Sasa nilikuwa naomba ile barua ya ajira."

Mkurugenzi alikuwa ameivuta fomu ya ajira ya kudumu, maana si mtu wa kukataa kitu bila kusoma. Aliisoma yote, kidole kikiwa kwenye mstari.

"Hapa inatakiwa tarehe ya kuanza," alisema. "Mungu hana mwanzo."

"Mimi nilianza Jumatatu, bwana mkubwa. Miaka kumi na moja iliyopita. Kulikuwa na mvua."

"Kabla ya kutambuliwa ungeweza kuandika hivyo. Sasa itakuwa uongo katika waraka wa serikali. Na hapa, tarehe ya kustaafu." Akageuza ukurasa. "Mungu hana mwisho. Siwezi kuacha sehemu mbili tupu, Shangazi. Mkaguzi atasema nini?"

"Na likizo?"

"Likizo ya nini? Umesema mwenyewe, mmoja wenu yuko kwa mama mkubwa. Uko likizo tayari." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayetoa habari njema. "Halafu kuna jambo la heshima. Mungu haombi. Mungu huombwa. Mimi nisingependa historia iandike kwamba katika ofisi yangu mungu aliomba barua."

Karani wa fomu aliinamisha kichwa. Masikio yake yalikuwa mekundu tena, safari hii si kwa furaha.

Hasira ya Shangazi haikuja kwa kishindo. Ilianza miguuni, ikapanda polepole, ikapita magotini na kiunoni, na ilipofika kifuani, jengo la Ofisi ya Vibali likang'oka. Liliinuka kwa ukimya, ghorofa zote sita, kiasi cha kimo cha mtu mzima. Vikombe viliteleza kwenye sinia. Viti vya ndani ya lifti viliegemea upande mmoja. Foleni zote mbili zilipanda nalo, sakafu sasa ikiwa na hewa tupu chini yake, na watu wakashika bahasha zao vizuri wakasubiri. Shangazi alilishika jengo kifuani mwake, akahisi uzito wake wote, makabati, mihuri, miaka, akaona kwamba angeweza kabisa kulitupa mbali, ng'ambo ya mji, kama mtu anavyotupa maji machafu.

Mkurugenzi aliikamata kalamu iliyokuwa inabiringika. "Hilo nalo liandikwe," alimwambia karani. "Anaweza kuinua jengo."

Chini, Shangazi wa ukumbini alikuwa ametoka nje na ndoo yake. Aliinama akachungulia chini ya jengo.

Kulikuwa kuchafu. Kulikuwa na matope ya miaka arobaini, matambara, vizibo, kiatu kimoja, majani makavu, na vumbi refu kama manyoya. Hakuna aliyewahi kufagia pale, kwa sababu hakuna aliyewahi kufika.

"Hapa huwezi kupaacha hivi," alijiambia.

Akachukua ufagio akaingia chini. Wa ghorofa ya pili na wa nne wakashuka kumsaidia. Walifagia kwa muda wa saa nzima, wa ghorofa ya sita akiwa amelishikilia jengo kwa hasira yake, na kadiri chini kulivyozidi kuwa safi ndivyo hasira ilivyozidi kuwa nyepesi. Wakati huohuo, mji mwingine, Mama Mkubwa alikuwa amemkumbusha mdogo wake siku walipomfungia mwalimu wa hesabu ndani ya banda la kuku. Mama alikana. Mama Mkubwa akaigiza jinsi mwalimu alivyotoka, na unyoya umenasa sikioni, wakashikana mabega wakacheka bila sauti, machozi yanawatoka, na kitanda kikaondoka sakafuni na wao juu yake, kikagonga dari taratibu, kikashuka, kikapanda tena. Shangazi wa huko alikuwa anawashikilia kwa pindo la shuka, naye hoi.

Kwa hiyo katika chumba cha mikutano, mbele ya kamati, Shangazi naye akaanza kucheka. Hakuweza kujizuia. Alicheka akiwa ameliinua jengo, na jengo likatikisika kidogo kila alipocheka, kuanzia paa mpaka chini. Mwanamke mjamzito ukumbini alishika tumbo akasema mtoto anacheza. Mzee wa kaburi alikuwa amefika darini. Hata Kofia alicheka, akaishika kofia yake kwa mikono miwili.

Mtaalamu wa miungu alipenga makamasi, akaandika pembeni ya fomu: *Furaha: ipo. Chanzo hakijulikani.*

Chini kulipokuwa safi, Shangazi alilishusha jengo mahali pake, sawasawa na alama lilizoacha ardhini, asije akambana mtu vidole.

*

Jioni ya Ijumaa hiyo alitia saini karatasi ya kwamba kazi imekwisha. Karatasi ilikuwa moja, kwa kuwa jina lilikuwa moja. Karani wa fomu alimletea cheti cha kutambuliwa, amekiwekea fremu aliyoitengeneza mwenyewe kwa mbao za sanduku, akasema, "Nisamehe, Shangazi. Mimi niliamini." Shangazi alimwambia kuamini si kosa, akamfuta wino kwenye mkono wa koti kwa kitambaa na ndimu. Ulitoka wote.

Mama hakutaka kurudi mwezi huo wala uliofuata, kwa hiyo Shangazi mmoja alibaki kwa Mama Mkubwa. Huyo alikuwa akimwosha mzee miguu kwa maji ya uvuguvugu, na baadaye analala mchana, kitu ambacho wengine walikisikia huko kazini kama upepo mdogo unaopita shingoni. Mama Mkubwa hakupona miguu. Mara moja alimuuliza kama kweli yeye ni mungu, na Shangazi akasema, kwa herufi ndogo. Mama Mkubwa akasema hiyo inatosha kwa miguu, asugue na kisigino.

Jumatatu iliyofuata kikao cha kamati alitia saini karatasi ya kwamba kazi imeanza. Kazini walikuwa saba sasa. Kwenye ubao wa matangazo ukumbini kulikuwa na matangazo mawili, yote yana saini ya Mkurugenzi. La kwanza lilisema kwamba nafasi tatu za wafagizi, zilizokuwa wazi kwa miaka sita, zimefutwa, kwa kuwa haja yake imekwisha. La pili lilisema kwamba kuanzia siku hiyo, ili kulinda hadhi ya jengo, miungu na wafagizi watumie mlango wa nyuma. Mjane wa viatu aliyasoma yote mawili kutoka juu, kwenye foleni ya hewani, akiwa amejiegemeza na kukunja mikono kifuani kama mtu aliye kitandani kwake. Dirishani walikuwa wamemwambia kibali chake kimesainiwa ila hakionekani.

Shangazi alizunguka jengo. Mlango wa nyuma ulikuwa mwembamba, wa bati, na ulitaka uinamishe kichwa, kwa hiyo waliingia mmoja mmoja, ndoo mkononi. Wa tatu alimnong'oneza wa nne jinsi mwalimu wa hesabu alivyotoka bandani na unyoya sikioni, na wa nne, ambaye aliijua hadithi hiyo kama alivyoijua yeye, akacheka mpaka visigino vikaachana na ardhi, ikabidi wa tano amvute ndani kwa mshipi wa aproni. Wa saba aliingia mwisho, akauvuta mlango kwa nguvu mara mbili, kwa kuwa ulikuwa mlango usiofunga vizuri, na ghorofa ya tano mtu alikuwa ameshaanza kuita.